Mapipa Matatu ya Zahanati

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 21 Januari 2017, saa mbili kasoro dakika ishirini asubuhi. Theluji ilikuwa imeacha kuanguka. Kipimajoto nje ya zahanati ya Drenovishte kilionyesha nyuzi kumi na saba chini ya sifuri. Upepo haukuwapo, na moshi wa kila dohani ulipanda wima.

Mkunga Rusana alifungua mlango, akawasha jiko la kuni, akavaa koti lake jeupe. Kisha akafungua bomba ili anawe mikono. Bomba likakohoa mara moja, halikutoa kitu.

Hakushangaa. Bomba la maji la kijiji chetu huvuka korongo chini ya daraja, na kwa hatua kumi na mbili limening'inia wazi hewani. Majira ya baridi ya 2015 liliganda. Ya 2016 likaganda tena. Kila mara watu walisema, "Mwaka huu baridi imezidi." Hakuna aliyesema kwamba bomba linapaswa kufunikwa.

Rusana aliingia stoo. Katika kona iliyo nyuma ya jiko, mahali ambapo maji hayawezi kuganda, sakafu ilikuwa na alama tatu za duara. Hapo ndipo yalipokuwa yakikaa mapipa matatu ya plastiki, kila moja lita mia moja na ishirini, yamejazwa maji safi kwa ajili ya siku kama hii.

Alijua yalipo. Tangu Septemba alikuwa ameyadai mara tatu. Alivaa buti, akafunga mlango, akapanda njia ya kwenda kwa shemeji yake.

Mwenyekiti wa kijiji, Delcho, alikuwa mezani anakunywa kahawa. Mkewe Velika, dada mkubwa wa Rusana, alikuwa anatoa mkate wa jibini kwenye tanuri. Ilikuwa Siku ya Wakunga, ambayo kwetu huadhimishwa kwa kalenda ya zamani ya kanisa. Siku hiyo wanawake waliojifungua huenda kwa mkunga na birika la maji, sabuni na taulo jipya. Humnawisha mikono, wakamshukuru, kisha wakala na kucheza mpaka jioni.

"Mkunga wetu huyo," alisema Velika. "Umewahi mno, mdogo wangu. Wanawake watakuja kwako saa nne. Kaa ule."

"Sikuja kula. Delcho, mapipa yangu yako wapi?"

"Hata salamu hakuna, shemeji?"

"Salamu nilikupa Oktoba. Nikakupa Novemba. Nikakupa Desemba. Mapipa yako wapi?"

Delcho aliweka kikombe chini polepole. "Yako salama. Yako chini, kwenye ghala."

"Ndani yake mna nini?"

Delcho akamtazama mkewe. Velika akautazama mkate.

"Kabichi," alisema Delcho.

Kila nyumba ya kwetu huchachusha kabichi nzima nzima katika pipa la maji ya chumvi, ikaliwa mpaka Machi. Na kabla ya kabichi, mwezi Septemba, mapipa hayohayo hutumika kuchachushia plamu za kupikia rakia, pombe kali ya kwetu. Mwaka ule plamu zilizaa kupita kiasi. Delcho alimwomba Rusana mapipa ya zahanati kwa wiki tatu tu. Rusana alikubali. Hilo lilikuwa kosa lake, na hakuwahi kulikana.

"Uliniambia wiki tatu," alisema Rusana.

"Plamu zilichelewa kuiva. Halafu kabichi ikaingia. Nilidhani tutaimaliza kabla ya baridi."

"Watu watatu mmalize mapipa matatu ya kabichi?"

"Na wageni."

"Wageni gani? Mwanao yuko kazini ughaibuni, na barabara imefungwa tangu Alhamisi." Rusana alitoa karatasi mfukoni. "Unaijua sahihi hii? Mpango wa dharura wa zahanati. Kifungu cha nne: maji ya akiba, mapipa matatu, yamejaa, wakati wote. Umetia sahihi tarehe tatu Septemba. Tarehe kumi umekuja kuyachukua. Siku saba, Delcho. Wino haukuwa umekauka vizuri."

"Ile ni karatasi ya wilaya, shemeji. Wanataka karatasi, tunawapa karatasi."

Rusana alikuwa na jibu, lakini hakupata nafasi ya kulitoa. Mlango wa ngazi ulifunguka. Iskra, mke wa mtoto wao, alisimama pale ameshika ukuta. Gauni lake lilikuwa limelowa.

"Mama mdogo," alimwambia Rusana, "nadhani chupa imepasuka. Maumivu yananijia tangu alfajiri. Sikutaka kumwamsha mtu."

Ilikuwa imebaki wiki mbili kabla ya siku yake. Mpango wao ulikuwa ashuke mjini Jumatatu, akajifungulie hospitalini. Rusana alipiga simu ya gari la wagonjwa. Akajibiwa kwamba gari lipo, ila theluji imefunga barabara kwenye kona saba, na mtambo wa kuisafisha hautafika kabla ya kesho asubuhi.

Alikata simu. "Mleteni zahanati, polepole. Delcho, wewe unatafuta maji."

Zahanati ilikuwa na kila kitu ambacho mkunga anahitaji, isipokuwa kile cha kwanza. Vifaa vilikuwapo. Glovu zilikuwapo. Dawa zilikuwapo. Katika birika la chai mlikuwa na maji ya jana, kama lita moja na nusu.

Delcho alisimama mlangoni akigeuza kofia yake mikononi.

"Nje kuna theluji mlima mzima, shemeji. Hayo si maji?"

"Jaza sufuria ya lita kumi theluji, uiyeyushe. Utapata lita moja, pengine na manyoya ya kuku ndani. Kisha uichuje, uichemshe, uipoze. Uzazi mmoja unataka kama lita mia moja. Mikono, vifaa, mama mwenyewe, mtoto, shuka, sakafu. Tutayeyusha theluji hiyo mpaka Pasaka?"

"Basi nina rakia. Ya mwaka juzi, kali kweli. Nawa mikono na ile."

Rusana alitikisa kichwa. "Rakia yako haina nguvu ya kutosha kuua vijidudu. Hata spiriti hii yangu ya mikono hufanya kazi tu kwenye mikono ambayo tayari ni safi. Mikono yenye damu inataka maji yanayotiririka na sabuni. Hakuna njia nyingine."

"Tumwage kabichi, turudishe mapipa?" aliuliza Velika kutoka upande wa kitanda. Alikuwa karibu kulia.

"Ukimwaga kabichi, dada, utapata mapipa matupu yanayonuka kabichi. Maji hayatakuwamo."

Yalibaki maji ya chemchemi ya mawe iliyo chini ya kijiji. Hiyo haigandi. Lakini kuifikia ni mwendo wa nusu saa, na kupanda nayo kwenye theluji ni zaidi ya saa nzima. Rusana alimwagiza Delcho achukue sleji ya kukokotwa thelujini na madumu ya maziwa kutoka kiwanda cha jibini, ayasugue kwanza kwa maji ya moto na sabuni.

"Maji ya moto yapi?" aliuliza Delcho.

Aliondoka.

Saa nne kamili wanawake kumi na mmoja waliingia zahanati wakiimba. Walikuwa wamekwenda nyumbani kwa Rusana, wakamkosa. Kila mmoja alikuwa na birika lililofungwa uzi mwekundu, limejaa maji yaliyotekwa chemchemini alfajiri ile, kama desturi inavyotaka.

Wimbo ulikatika walipomwona Iskra.

"Wekeni mabirika mezani," alisema Rusana. "Taulo na sabuni pia."

"Kwanza tukunawishe mikono, mkunga," alisema mmoja wao. "Ndiyo siku yako."

"Hapana. Mkinimwagia maji hayo kwa desturi, nitamzalisha binti huyu kwa maji gani? Yamimineni kwenye sufuria. Yote. Yachemke."

"Lakini kila mwaka—"

"Kila mwaka mnaninawisha mikono mara moja, mkacheza ngoma. Siku mia tatu sitini na nne zilizobaki, ni nani anayeuliza kama nina maji ya kunawa? Yamimineni."

Waliyamimina. Mabirika kumi na moja yalitoa lita ishirini na mbili. Maji hayo yalichemshwa, yakapozwa, yakapimwa kwa kikombe. Rusana alinawa kabla ya kumpima Iskra. Mara ya pili maji yaliyopozwa yalikuwa yamekwisha na mengine yalikuwa bado yanachemka. Akatumia spiriti na glovu. Mara ya tatu vivyo hivyo.

Delcho alirudi saa saba na nusu, ndevu zimeganda barafu. Madumu mawili kati ya manne yalikuwa yamepinduka njiani. Saa nane na dakika tano mchana Iskra alijifungua mtoto wa kike, kilo tatu kasoro kidogo, mwenye sauti ya kutosha kusikika barabarani.

Wanawake walifurahi. Mmoja alichukua birika lenye maji kidogo. "Sasa basi, mkunga. Lete mikono."

Rusana aliweka mikono nyuma yake.

"Sinawishwi," alisema. "Kila mwanamke niliyemzalisha ana deni la maji kwangu, na Iskra sasa yumo. Sitalipokea. Siku zahanati hii itakapokuwa na maji yake, mtakuja mlilipe. Kabla ya hapo, msiniletee birika."

Hapakuwa na ngoma mwaka ule.

Jumapili barabara ilifunguka, na mama na mtoto walikuwa wazima. Siku ya tatu Iskra akapata homa. Jioni hiyohiyo gari la wagonjwa lilimchukua. Alikaa hospitalini siku tisa, akichomwa sindano za dawa ya kuua vijidudu, wakati mtoto analishwa kwa chupa na bibi yake. Je, homa ilitokana na mikono ambayo haikuoshwa ipasavyo? Hakuna anayeweza kuapa. Lakini katika daftari la uzazi Rusana aliandika kwa mkono wake: "Sikunawa kwa maji mara mbili. Maji hayakuwapo." Akatia sahihi, akampelekea Delcho alisome.

Delcho alilisoma akiwa amesimama. Asubuhi iliyofuata alileta mapipa matatu kwa mkokoteni. Alikuwa ameyasugua usiku kucha kwa magadi na siki.

Rusana alifunua kifuniko cha kwanza, akanusa. Akafunua cha pili. Hakufika kwenye cha tatu.

"Rudi nayo."

"Nimeyasugua mpaka vidole vimechubuka, shemeji."

"Plastiki imekwisha kunywa chumvi, siki na plamu. Maji ya mgonjwa hayakai humu. Hayo sasa ni ya kabichi milele. Unanidai salamu, mimi nakudai mapipa. Mapipa mapya."

Iskra alirudi nyumbani akiwa mzima. Wiki mbili baadaye Delcho aliitisha mkutano, na wilaya ikamtuma fundi wa maji. Watu walitarajia mwanamume mwenye masharubu. Alishuka Bi Stamena, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya kuamuru. Alikwenda kwanza darajani akalitazama bomba. Kisha akaja kwenye ukumbi.

"Nimeona bomba lenu," alisema. "Limevaa kama mtu aendaye kuogelea. Ninyi mmevaa makoti. Kwa nini lenyewe liko uchi?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka.

"Nani anaijua koki kuu ilipo?"

Mikono miwili ilinyanyuka, ikaonyesha pande mbili tofauti.

"Vizuri. Basi hakuna anayejua. Mkunga, unaona wagonjwa wangapi kwa siku?"

"Kumi na wawili, kwa kawaida," alijibu Rusana.

"Kila mmoja mhesabieni lita tano. Ni ngapi?"

"Sitini," walijibu watu.

"Kwa siku tatu?"

"Mia moja na themanini."

"Ongezeni uzazi mmoja, lita mia."

"Mia mbili na themanini."

"Mapipa matatu yana lita mia tatu na sitini. Kwa hiyo zahanati yenu ilikuwa na maji ya siku tatu na ziada. Mlikuwa mmejiandaa vizuri kuliko vijiji vyote vya wilaya. Kisha mkala kabichi." Akamgeukia Delcho. "Ilikuwa tamu?"

Delcho alitazama kofia yake.

Mzee mmoja nyuma aliinua mkono. "Si tununue mapipa sita, binti? Matatu ya maji, matatu ya kukopeshana."

"Baba, mkinunua sita, Septemba mtakopa sita. Nawajua. Na mimi nimezaliwa kijiji kama hiki." Bi Stamena alikaa kwenye ukingo wa meza. "Sikilizeni. Pipa la zahanati liwe la rangi yake, lifungwe mfuniko, liwe na koki chini. Kwa nini koki?"

"Ili usichote kwa kikombe," alisema Iskra, aliyekuwa ameketi mbele na mtoto kifuani. "Kikombe kinaingia na mkono, na mkono una uchafu."

"Huyu amejifunza kwa gharama. Kumbukeni maneno yake. Pipa likae ndani, karibu na jiko. Kila mwezi maji yamwagwe, pipa lioshwe, liwekwe klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, lijazwe upya, na tarehe iandikwe juu yake. Na kazi hiyo ifanywe na nani?"

"Kijiji," alisema mtu.

"Kijiji hakina mikono. Nataka jina. Na jina la pili, la siku ambayo wa kwanza anaumwa."

Hatimaye Velika alisimama. "Mimi. Na wa pili awe Iskra."

"Limeandikwa. Sasa, maji yakikatika, nani anapata kwanza? Mnadhani ni choo? Choo kisafishwe kwa theluji iliyoyeyuka au maji ya kufulia, hakijali. Maji ya pipa ni ya mikono, ya vifaa na ya kunywa mgonjwa. Bandikeni hilo ukutani. Na maji ya chemchemi, hata yakiwa meupe kama machozi, yachemke mpaka yatokote sawasawa kabla mgonjwa hajanywa. Na nani ana farasi?"

"Mimi," alisema mzee aliyetaka mapipa sita.

"Basi wewe, baba, ndiye gari letu la maji. Bomba likikatika, mkunga anakupigia simu, na ndani ya saa mbili unaleta madumu. Madumu hayo yasitiwe maziwa, wala rakia, wala kitu kingine. Tutafanya jaribio siku moja bila kuwaambia. Nitafunga koki mwenyewe, nikae nihesabu dakika."

"Na bomba?" aliuliza Delcho kwa sauti ndogo.

"Bomba mtalifunika kwa sufu nene na bati juu, kabla ya Oktoba. Nitaleta vipimo. Sufu mnayo, kondoo ni wengi kuliko watu hapa. Mwenyekiti, hiyo ni kazi yako. Na nikirudi nikute karatasi badala ya sufu, nitakaa kwako mwezi mzima, nile hiyo kabichi iliyobaki."

Kazi ilifanyika, ingawa si bila manung'uniko. Bomba lilifunikwa Agosti. Koki kuu ilipatikana chini ya lundo la kuni za mtu aliyeapa kwamba haipo. Mwezi Septemba Bi Stamena alikuja bila taarifa, akaifunga. Mzee wa farasi alichukua saa tatu na nusu, akatukanwa, na mara ya pili akachukua saa moja na dakika arobaini.

Na Delcho alishuka mjini mwenyewe, akarudi na mapipa matatu mapya ya buluu, yenye koki. Aliyanunua kwa pesa yake, si ya kijiji. Juu ya kila moja aliandika kwa rangi nyekundu: MAJI YA ZAHANATI.

Plamu zilizaa sana tena. Binamu yake alikuja kutoka kijiji cha pili, akayaona, akamwita pembeni.

"Mwenyekiti, nipe moja tu. Wiki tatu."

"Halikopeshwi."

"Mimi ni ndugu yako."

"Mjukuu wangu naye ni ndugu yangu. Halikopeshwi."

Tarehe 12 Januari 2018 jiwe liliangukia bomba juu kabisa mlimani, likalipasua. Kijiji kilikosa maji siku mbili na nusu. Zahanati haikufungwa hata saa moja. Rusana alishona mguu wa mkata kuni, akampima mjamzito, akawahudumia watoto saba wenye mafua. Kila mara alinawa chini ya koki, kwa sabuni, hadi viwiko. Fundi alipomaliza kulitengeneza bomba, maji ya akiba yalikuwa bado yapo.

Siku tisa baadaye ilikuwa tena Siku ya Wakunga. Rusana alituma neno kwamba hatapokea mtu nyumbani. Waje zahanati.

Wanawake walikuja na taulo na sabuni. Iskra alitangulia, mtoto mgongoni. Alijaza birika kwenye koki ya pipa la kwanza, akasoma tarehe iliyoandikwa na mama mkwe wake, kisha akasimama mbele ya Rusana.

Rusana alinyoosha mikono. Iskra akamwagia maji, polepole, mara ya kwanza na ya pili.

"Inatosha, mwanangu," alisema Rusana. "Deni lako limekwisha. Yaliyobaki ni ya wagonjwa."

Delcho alikuwa amesimama mlangoni. Kwa desturi wanaume hawaruhusiwi siku hiyo, na hakuvuka kizingiti.

"Na mimi, shemeji? Bado unanidai?"

Rusana alifuta mikono kwa taulo jipya, akayatazama mapipa moja moja.

"Ulichukua matatu, umerudisha matatu. Sikudai tena."